Lozanji na ukoo wake: toka mkeka wa kambo mpaka ubao wa shule

1. Namna jambo lilivyoanza

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na nyimbo za wazee wetu. Labda mmoja wenu atajiuliza: lozanji inaingia namna gani mu mambo ya desturi? Si ni umbo la shule tu, la ubao na chaki, lililokuja na vitabu vya wazungu? Mimi pia niliwaza vile kwa miaka mingi. Ninafundisha hesabu hapa Luena tangu nilipotoka ISP, na kila mwaka niliandika ubaoni maneno yale yale bila kujiuliza yametoka wapi.

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili interogasio. Swali la tatu lilisema: «Andika kweli ao uongo: kila mraba ni lozanji.» Darasa karibu lote liliandika «uongo», kama vile nilivyowafundisha. Binti mmoja tu, wa kukaa nyuma kabisa karibu na dirisha, aliandika «kweli». Nikamuwekea sifuri, tena kwa biki nyekundu. Wenzake wakamcheka. Akanyamaza.

Kesho yake alikuja na mkeka wa zamani umekunjwa kwapani. Akaungojea mwisho wa saa, kiisha akasema kwa sauti ya chini:

– Mwalimu, usikasirike. Hii mkeka ni ya kambo yangu. Angalia: hapa katikati iko mraba, hapa pembeni iko lozanji. Lakini kambo anasema iko kitu kimoja. Anahesabu sawasawa. Sasa mimi nilijua namna gani iko bitu mbili?

Nilimjibu kama mkubwa anavyojibu akikosa jibu: «Nenda kwanza, tutaona.» Lakini usiku sikulala vizuri. Mkeka ule ulinisukuma nitafute historia ya lozanji, na nilichokuta ndicho ninachotaka kuwapatia hapa. Tutaona mwishoni kama sifuri ile ilikuwa ya yule mtoto ao ilikuwa yangu.

2. Lozanji ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kwetu shuleni tunasema lozanji, tokea Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania mu vitabu vyao wanasema rombasi, tokea Kigiriki. Kwa Wagiriki wa zamani, neno *rhombos* lilikuwa jina la kitu cha kuzungushwa, kama ile mbao iliyofungwa ku kamba, ambayo mtu anaizungusha hewani mpaka inalia. Archimedes, mwenye hesabu mkubwa wa Sirakuza, alilitumia neno hilo pia kwa umbo la koni mbili zilizounganishwa tako kwa tako. Chukueni pia ya watoto, ile wanaichezesha ku vumbi, muwaze koni yake ya chini imepata mwenzake juu. Ukiitazama kwa upande, utaona lozanji. Kwa hiyo jina hili lilianzia mu mchezo na mu mikono ya watu, halafu ndipo likaingia mu kitabu.

Sasa maana. Lozanji ni umbo la pande nne ambazo zote zina urefu mmoja. Basi, hiyo tu. Haisemi kitu juu ya pembe. Haisemi kama umbo limesimama ku ncha ao limelala ku ubavu. Pande nne, urefu mmoja.

Toka maneno haya machache mambo mengi yanafuata yenyewe. Pande za kuelekeana zinakwenda sambamba, njo maana kila lozanji ni msambamba, ile tunaita shuleni paralelogramu. Pembe za kuelekeana zinalingana. Na ukikata mistari miwili toka pembe mpaka pembe, yaani diagonali, utaona mambo mawili: kila moja inaikata nyingine katikati kabisa, tena zinakutana kwa pembe mraba, ile ya digrii 90. Kila diagonali inagawanya pia pembe zake katikati, sawa vile mtu anavyogawanya muhogo kwa watoto wawili bila ugomvi.

Mashoferi wetu wanaijua lozanji kupita wanafunzi wetu, hata kama hawaiiti kwa jina. Angalieni kriki ya gari, ile ya vyuma vine na skurubu inayopita katikati. Vyuma vile vine vina urefu mmoja. Skurubu ni diagonali moja. Shofere akiizungusha, diagonali ya kulala inapungua na ile ya kusimama inaongezeka, gari linapanda. Vyuma havikuongezeka hata milimita moja, pembe tu ndizo zilizogeuka. Na skurubu na mstari wa kupanda wa gari vinabaki vimekatana kwa pembe mraba toka mwanzo mpaka mwisho. Kama isingekuwa vile, gari lingeanguka kwa upande.

3. Matete manne

Ili wanafunzi waelewe, ninawaambia walete matete manne ya sentimetre 5 kila moja, wayafunge ku ncha kwa uzi. Wanapata umbo linalocheza, halikazi. Kwanza ninawaambia walisimamishe mpaka pembe zote ziwe za digrii 90. Wanasema: «Ni mraba.» Eneo lake ni 5 mara 5, sentimetre mraba 25.

Kiisha ninawaambia wasukume kidogo kwa ncha mbili, mpaka diagonali moja iwe 8 na nyingine 6. Eneo la lozanji linapatikana kwa kuzidisha diagonali mbili na kukata nusu: 8 mara 6 ni 48, nusu yake 24. Tumepoteza 1. Wasukume tena mpaka diagonali ziwe 9,6 na 2,8: eneo linakuwa 13,44. Wakisukuma mpaka mwisho, matete yanalaliana na eneo linakwisha kabisa. Lakini muzunguko wa umbo, toka mwanzo mpaka mwisho, ni 20. Haukubadilika.

Hapa ndipo ninawauliza: «Katika safari hii yote, ni saa gani umbo lilianza kuwa lozanji?» Wengine wanasema: saa tuliposukuma mara ya kwanza. Ninawajibu: matete ni yale yale, uzi ni ule ule, urefu ni ule ule. Mraba ulikuwa kituo kimoja tu mu safari ya lozanji, sawa vile Luena ni kituo kimoja ku reli, kati ya Lubudi na Bukama. Treni ikisimama Luena haiachi kuwa treni.

4. Vitabu vilisema nini

Sasa, kama jambo ni wazi hivi, kwa nini mimi niliwafundisha watoto kwamba mraba si lozanji? Ni juu mimi pia nilifundishwa vile, na aliyenifundisha alifundishwa vile. Nilipofuata nyayo hizo, zilinifikisha mbali sana: Misri.

Karibu miaka 300 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu, mu mji wa Alexandria, mtu aliyeitwa Euclide aliandika kitabu cha jiometri kiitwacho *Elementi*. Tukumbuke kwamba Alexandria iko Afrika, hata kama Euclide aliandika kwa Kigiriki. Mu kitabu cha kwanza, maana ya 22, anapanga maumbo ya pande nne mu vyumba mbalimbali. Mraba, anasema, una pande sawa na pembe mraba. Mstatili una pembe mraba lakini pande zake hazilingani. Lozanji ina pande sawa lakini haina pembe mraba. Umbo la nne, aliloliita romboidi, lina pande na pembe za kuelekeana zilizo sawa, lakini halina pande zote sawa wala pembe mraba. Yote yaliyobaki aliyaita trapezi.

Mnaona? Kwa Euclide kila umbo lina nyumba yake na mlango umefungwa. Aliye mraba hawezi kuwa lozanji, juu ya lile neno «lakini haina». Na jambo la kushangaza ni hili: akiisha kutoa maana ya lozanji, mu *Elementi* haitumii tena kwa kazi. Anafanya kazi na msambamba, ambao hakuupa maana mu orodha ile.

Miaka zaidi ya elfu mbili ikapita. Mu 1794, Ufaransa, Adrien-Marie Legendre alitoa kitabu chake cha jiometri, ambacho kilitumika sana mu mashule ya Ulaya mu karne ya 19. Yeye pia aliandika kwamba lozanji ina pande sawa bila pembe kuwa pembe mraba. Mlango ulibaki umefungwa. Toka vitabu vya namna hiyo mafundisho yalishuka mpaka kwetu, mwalimu kwa mwalimu, daftari kwa daftari.

Lakini wenye hesabu wa nyakati zetu waliufungua mlango. Walisema: tutoe maana fupi, tusiweke «lakini haina» pasipo lazima. Lozanji ni pande nne sawa. Mstatili ni pembe nne za digrii 90. Mraba ni ule wenye yote mawili. Kwa hiyo kila mraba ni lozanji, na kila mraba ni mstatili pia. Si kila lozanji ni mraba, sawa vile kila kambale ni samaki lakini si kila samaki ni kambale.

Mtu atasema: hayo si maneno tu? Hapana, kuna faida kubwa. Kwa njia ya Euclide, ukiisha kuhakikisha kwamba diagonali za lozanji zinakutana kwa pembe mraba, unapaswa kuanza upya kwa mraba, juu uliufukuza mu nyumba. Kwa njia ya leo, mraba unarithi. Toka upande wa lozanji unarithi diagonali za kukatana kwa pembe mraba. Toka upande wa mstatili unarithi diagonali za urefu mmoja. Ni kama mtoto mwenye kupokea kitu toka kwa baba na kitu toka kwa mama. Nani kati yetu atamwambia mtoto wa namna hiyo: «Wewe si wa ukoo huu, juu umepata na vya kwa mama yako»?

Tujue basi kwamba maana ya umbo haishuki toka mbinguni. Watu wanaichagua, na wanaweza kuichagua vizuri ao vibaya. Euclide hakukosa. Alichagua njia yake. Kosa ni letu tunaporudia chaguo la mtu bila kujua kwamba lilikuwa chaguo.

5. Misalaba ya shaba ya wazee

Nilipofika hapo nikajiuliza: na huku kwetu, wazee walikuwa na nini? Sikwenda mbali. Ukishuka mto Lualaba toka Bukama unafika mu maziwa ya Upemba. Pale ku ziwa Kisale kuna Sanga, mahali panapojulikana dunia nzima kwa makaburi yake ya zamani. Mu 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale, na mu miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Walikuta vyungu vizuri sana, vyuma, shaba, na mu makaburi ya karne ya 13 na kuendelea, ile misalaba ya shaba ambayo Kifaransa kinaiita *croisettes*.

Kwanza misalaba ilikuwa mikubwa na michache. Karne kwa karne ikawa midogo, mingi, na yenye kipimo cha kufanana zaidi. Toka hapo wataalamu walielewa kwamba ilikuwa imekuwa feza, kitu cha kununulia na kulipia. Wazee waliyeyusha shaba na kuimwanga mu forma. Msalaba huo haukusahauliwa: Katanga ilipojitenga, toka Julai 1960 mpaka Januari 1963, misalaba mitatu iliwekwa ku bendera yake, na faranga zake za 1961, ya 1 na ya 5, zilikuwa na picha ya msalaba huo. Siingii mu siasa ya nyakati zile, iliyotutoa machozi wengi. Ninataka paka tuangalie umbo.

Msalaba wa shaba una nini? Mistari miwili inayokatana katikati. Yaani ni diagonali mbili zisizo na pande! Chukua msalaba, uulaze ku karatasi, weka doti ku kila ncha, unganisha doti nne. Umezaa umbo la pande nne. Sasa fuateni vizuri, juu hapa ndipo ukoo mzima unajionyesha. Mistari miwili inakatana katikati kila mara, na tunauliza maswali mawili tu: je, ina urefu mmoja? Je, inakutana kwa pembe mraba?

Kama jibu ni hapana na hapana, unapata msambamba wa kawaida. Kama ina urefu mmoja tu, unapata mstatili. Kama inakutana kwa pembe mraba tu, unapata lozanji. Kama jibu ni ndiyo na ndiyo, unapata mraba. Ukoo wote wa watu wanne mu msalaba mmoja, bila kukariri orodha.

Kuna jirani mwingine pia: kama mistari inakutana kwa pembe mraba, lakini moja tu ndiyo inayokatwa katikati, unapata umbo la tiara, ile ya karatasi watoto wanairusha mu upepo. Kwa hiyo lozanji ina ndugu pande mbili, kwa msambamba na kwa tiara.

Sisemi kwamba wafua shaba wa Sanga walikuwa wanafanya hesabu za lozanji. Hakuna mtu aliyewauliza. Ninasema kwamba feza ya babu zetu inatosha kufundishia leo somo ambalo mimi nililifundisha vibaya kwa kitabu.

6. Kamba mbili za Msumbiji

Kuna mtu mmoja aliyeutazama ujuzi wa namna hii kwa heshima. Ni Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mu 1952, akafanya kazi Msumbiji mpaka kifo chake mu 2014. Alichunguza hesabu zilizojificha mu vikapu, mu mikeka, na mu michoro ambayo wazee wa Kitshokwe wanaichora ku mchanga, inayoitwa *sona*. Watshokwe ni majirani zetu. Tunao mu Lualaba, na wengi zaidi wako Angola.

Gerdes anaeleza namna wajenga nyumba wa Msumbiji walivyopima msingi. Wanachukua kamba mbili za urefu mmoja, wanazifunga pamoja katikati kabisa. Wanazivuta, wanapiga kijiti ku kila ncha. Vijiti vinne vinatoa mstatili wenye pembe sawasawa, bila ekeri, bila kitabu. Ni ule ule msalaba wetu: diagonali mbili za urefu mmoja zinazokatana katikati. Na wakizivuta mpaka kamba zikutane kwa pembe mraba, wanapata nyumba ya mraba. Mafundi wetu hapa pia, wakiisha kupanga matofali ya kwanza, wanapima toka kona mpaka kona. Kama vipimo viwili vinaachana, wanajua nyumba imepinda. Wanahesabu kwa diagonali, hata kama hawakumaliza shule ya msingi.

7. Nkaka, karo na mkeka

Tuje sasa ku urembo. Baluba wamependa lozanji tokea zamani. Iko ku vyungu, ku viti vya wafalme, ku chanjo za mwili ambazo sanamu za mbao zinatuonyesha bado. Kuna kofia ya shanga inayoitwa nkaka, ambayo jina lake ni la mnyama kakakuona, yule mwenye magamba. Magamba yake yanapangana moja ju ya moja mpaka jicho linaona lozanji nyingi. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, waliotoa mu 1996 kitabu kikubwa juu ya kumbukumbu mu sanaa ya Baluba, wanaeleza pia *lukasa*, ile mbao ya kushika mkononi yenye shanga, ambayo watu wa chama cha Mbudye waliigusa kwa kidole ili kukumbuka historia ya ufalme. Nyuma ya lukasa kuna michoro iliyokatwa kwa kisu, inayofanana na mgongo wa kobe. Kwa hiyo maumbo kwetu hayakuwa mapambo matupu. Yalibeba majina, na majina yalibeba habari.

Hata lugha ya Kifaransa inatupatia ushuhuda. Vijana wanaocheza karata wanaita «karo» ile karata ya lozanji nyekundu. Na fundi anayepanga sakafu anaita «karo» kile kipande cha mraba. Ni neno moja, *carreau*, lililotoka mu neno la Kilatini lenye maana ya mraba. Mraba na lozanji vimelala mu kitanda kimoja mu neno hilo, na hakuna aliyewafukuza. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha karo ya sakafu, usimamishe ku ncha yake. Wanafunzi wengi watasema: «Sasa imekuwa lozanji.» Wanakosa wakifikiri imegeuka, juu haikugeuka kitu. Lakini wana haki wakisema ni lozanji, juu ilikuwa lozanji tangu mwanzo.

Ndipo nilikwenda kumuona kambo wa yule binti. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anasuka. Nikapiga magoti kidogo, nikamsalimia, nikamuomba anionyeshe.

– Ee baba, kwani mwalimu naye anakuja kujifunza mkeka? alicheka.

– Ndiyo mama, nimekuja kujifunza.

Akanionyesha. Anapitisha utepe juu ya mbili, chini ya mbili. Mu mstari unaofuata anasogea hatua moja. Tena hatua moja. Mchoro unakwenda kwa mteremko. Akifika idadi yake, anarudi: hatua moja, hatua moja, kwa upande mwingine. Hivyo pande nne zinapata hesabu moja, na lozanji imezaliwa. Anahesabu kwa midomo, hakuna karatasi.

Nikaangalia karibu. Katikati ya mkeka tepe zote zilikuwa na upana mmoja, za kulala na za kusimama. Kwa kuwa kila hatua ni sawa kwa pande zote, mteremko unakuwa nusu ya pembe mraba, na lozanji inayotoka ina pembe za digrii 90: ni mraba uliosimama ku ncha. Pembeni ya mkeka alitumia tepe nyembamba kwa upande mmoja. Hesabu ilikuwa ile ile, mbili juu, mbili chini, hatua moja, lakini umbo likawa refu na jembamba, lozanji kama ile ya kitabu.

– Mama, hii ya katikati na hii ya pembeni, ni kitu kimoja ao ni vitu viwili?

Akaniangalia kama mtu anayeuliza kama maji ya kisima na maji ya mtungi ni maji.

– Ni kimoja, baba. Hesabu ni moja. Utepe tu ndio umebadilika.

Hakuna maana ya lozanji niliyoisikia mu masomo yangu yote iliyo bora kupita hiyo. Hesabu ni moja: pande nne sawa. Mraba ni lozanji ambayo tepe zake zimepata upana mmoja.

8. Sifuri ilikuwa ya nani?

Juma lililofuata niliingia darasani, nikaomba lile karatasi la interogasio. Mbele ya wote nilifuta sifuri na kuandika alama kamili, nikawaambia: «Mwenzenu alisema kweli. Mimi nilikosa.» Kulikuwa kimya. Mu shule zetu mwalimu hana desturi ya kusema maneno hayo, na sikudanganyi, yalinikwaruza koo. Binti hakusema kitu, lakini toka siku ile hakukaa tena nyuma.

Wengine watanilaumu: «Mwalimu, ukikubali kosa, watoto watakudharau.» Mimi niliona kinyume. Walianza kuuliza. Mmoja aliuliza kama mstatili ni trapezi. Nilimjibu kwamba inategemea kitabu: wengine wanasema trapezi ina angalau pande mbili za sambamba, basi mstatili unaingia, wengine wanasema mbili tu, basi mstatili unabaki inje. Nikamuambia achague maana moja, aiandike wazi mbele ya kuanza hesabu, kiisha aishike mpaka mwisho. Na siku ya mtihani, asome vizuri maana iliyoandikwa.

Kitu kimoja kinanihuzunisha. Yule kambo aliniambia kwamba kati ya wajukuu wake hakuna hata mmoja anayejua kusuka mchoro wa lozanji mpaka mwisho. Sokoni mikeka ya plastiki ni rahisi, ina rangi kali, na mashine imeichapa. Hatuwezi kuwalaumu wanunuzi, maisha ni magumu. Lakini mkeka wa plastiki haufundishi kuhesabu hatua, hata kama una lozanji mia. Siku mikono ile itakapopumzika, tutabaki na umbo bila hesabu yake.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji, zaidi wale wenye kambo ao shangazi wanaosuka: ketini nao saa moja. Waulizeni mchoro unaitwaje kwa Kiluba, unaanzia ku utepe wa ngapi, unarudi ku hatua ya ngapi. Andikeni, mlete ku chama. Na walimu wenzangu, mtakapofika ku somo la maumbo ya pande nne, mbele ya kufungua kitabu, wekeni mkeka mezani. Mkikuta mtoto anayesema mraba ni lozanji, msikimbilie biki nyekundu. Muulizeni kwanza nani alimfundisha.